Kalsiamu na Ualkali Katika Tangi la Matumbawe: Moli, Maji ya Chokaa na Upimaji wa Ujazo

Mambo utakayoyapata katika mada hii

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi tumbawe linavyojenga mifupa yake kwa kutumia ioni zilizomo katika maji ya bahari;
(b) kutofautisha ualkali na pH;
(c) kukokotoa ualkali wa maji kutokana na usomaji wa bureti;
(d) kukokotoa kiasi cha chumvi kinachotakiwa kurudisha kilichopungua;
(e) kueleza kwa nini myeyusho wa kalsiamu na myeyusho wa kabonati havichanganywi katika chombo kimoja.

Mada hii ni ya marudio. Dhana ya moli, ugumu wa maji, chokaa na upimaji wa ujazo umekwisha kuvisoma kila kimoja peke yake. Swali gumu huvikusanya pamoja, na mtahiniwa aliyekariri kila mada kivyake ndipo anapokwama. Tutavikusanya ndani ya tangi moja la kioo.

1. Tangi lenyewe

Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaofuga matumbawe hai nyumbani, kama sisi tunavyofuga kuku au samaki wa kulisha. Tangi hujazwa maji ya bahari, au maji safi yaliyoyeyushiwa chumvi maalumu, kisha huwekewa taa na pampu ya kuzungusha maji.

Usisahau biolojia yako: tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo laini wengi wanaoishi pamoja, na kila mmoja hujenga chini yake kikombe kigumu cha kalsiamu kabonati, CaCO₃. Vikombe hivyo vikirundikana kwa miaka mingi ndivyo vinavyofanya miamba ya matumbawe kama ile ya Mafia, Unguja na Malindi.

Malighafi ya ujenzi hutoka majini. Maji ya kawaida ya bahari huwa na takriban:

- ioni za kalsiamu, Ca²⁺: miligramu 410 hadi 420 katika dm³ 1;
- ioni za magnesiamu, Mg²⁺: karibu miligramu 1,300 katika dm³ 1;
- ualkali: milimoli 2.3 hadi 2.5 katika dm³ 1;
- pH: karibu 8.1.

(Kumbuka: dm³ 1 = lita 1 = cm³ 1,000. Milimoli 1,000 = moli 1.)

Baharini ioni hizi hazipungui kwa kuonekana, kwa sababu bahari ni kubwa. Katika tangi la lita 200 hazina pa kutoka. Kila gramu ya mfupa inayojengwa imetolewa kwenye maji yale yale, na mfugaji asipoirudisha matumbawe hudumaa, kisha hufa.

2. Ualkali ni nini?

Ualkali ni uwezo wa maji kupokea ioni za haidrojeni, H⁺, yaani uwezo wa kuidhoofisha asidi. Katika maji ya bahari sehemu kubwa ya uwezo huo hutokana na ioni za haidrojenikabonati, HCO₃⁻. Ziko pia ioni za kabonati na nyingine chache, lakini katika hesabu za mada hii tutauchukua ualkali wote kuwa ni HCO₃⁻.

Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuandika kuwa ualkali na pH ni kitu kimoja. Sivyo. pH hukuambia ukolezi wa H⁺ uliopo sasa hivi. Ualkali hukuambia akiba iliyopo ya kupambana na asidi itakayokuja. Maji mawili yanaweza kuwa na pH moja, lakini moja likavumilia matone mengi ya asidi na jingine likageuka kwa matone machache.

3. Mlinganyo unaotawala mada nzima

Tumbawe linapojenga mfupa, mmenyuko kwa ujumla wake ni huu:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Umewahi kuuona mahali pengine? Ndiyo, katika ugumu wa maji wa muda. Ukichemsha maji magumu yenye kalsiamu haidrojenikabonati, mmenyuko huu huu hutokea na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Tumbawe hufanya kazi ya birika bila moto.

Soma uwiano wa moli: Ca²⁺ moja hutumia HCO₃⁻ mbili. Kwa hiyo milimoli 1 ya ualkali ikitumika, nusu milimoli ya kalsiamu imetumika pamoja nayo. Kwa kuwa Ca = 40, nusu milimoli ni miligramu 20. Liandike hili pembeni mwa daftari lako:

Ualkali ukipungua milimoli 1 katika dm³ 1, kalsiamu hupungua miligramu 20 katika dm³ 1.

4. Kipi kitakwisha kwanza?

Tuchukue maji yenye kalsiamu miligramu 420 na ualkali milimoli 2.5 katika dm³ 1.

Moli za kalsiamu: 420 ÷ 40 = milimoli 10.5.
HCO₃⁻ inayotakiwa ili kalsiamu hiyo yote itumike: 10.5 × 2 = milimoli 21.
HCO₃⁻ iliyopo: milimoli 2.5 tu.

Umeona? Kalsiamu ni ghala lililojaa, ualkali ni fedha ya mfukoni. Hata ualkali wote ungekwisha, kalsiamu ingeshuka kwa miligramu 50 tu, kutoka 420 hadi 370. Kitendanishi kinachokwisha kwanza ni HCO₃⁻.

Hili ndilo jambo kubwa la mada hii. Vitu viwili hutumika pamoja kwa uwiano usiobadilika, lakini kupungua kwake hakuonekani sawa. Ualkali ukishuka kutoka 2.5 hadi 2.0 umepungua asilimia 20. Kwa wakati huo huo kalsiamu imeshuka kutoka 420 hadi 410, yaani asilimia 2.4, na vipimo vingi vya nyumbani haviwezi kutofautisha 420 na 410 kwa uhakika. Mfugaji anayepima kalsiamu peke yake atasema, "Maji yangu ni mazima," huku akiba ya tangi inateketea. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hupima ualkali mara nyingi zaidi kuliko kalsiamu.

5. Kupima ualkali kwa bureti

Chukua cm³ 25 za maji ya tangi kwa pipeti, weka katika chupa ya koniko, ongeza matone mawili au matatu ya methaili oranji. Dondoshea asidi ya haidrokloriki, HCl, ya ukolezi wa mol/dm³ 0.01 kutoka kwenye bureti hadi rangi ya njano igeuke kuwa ya chungwa. Kiashiria hiki kinafaa kwa sababu hubadilika rangi katika pH ya chini, wakati HCO₃⁻ zote zimekwisha kupokea H⁺. Fenolfthalini haifai hapa.

HCO₃⁻ + H⁺ → H₂O + CO₂

*Mfano wa 1.* Katika zoezi hili ujazo wa asidi ulikuwa: jaribio la awali cm³ 5.30, la kwanza 5.00; la pili 4.90, la tatu 5.10. Kokotoa ualkali wa maji.

Jaribio la awali haliingii kwenye wastani.
Wastani = (5.00 + 4.90 + 5.10) ÷ 3 = cm³ 5.00.
Moli za HCl = 0.01 × 5.00 ÷ 1,000 = moli 0.00005.
Uwiano wa HCl kwa HCO₃⁻ ni 1 : 1, kwa hiyo moli za HCO₃⁻ = 0.00005.
Ukolezi = 0.00005 × 1,000 ÷ 25 = mol/dm³ 0.002, yaani milimoli 2.0 katika dm³ 1.

6. Kurudisha kilichopungua

*Mfano wa 2.* Maji yaliyomo katika tangi yana urefu wa cm 100, upana cm 50 na kina cm 40, ujazo wa mawe ukiwa umekwisha kutolewa. Ualkali umeshuka kutoka milimoli 2.5 hadi 2.0 katika dm³ 1. Kokotoa (i) uzito wa CaCO₃ iliyojengwa, (ii) uzito wa NaHCO₃ ya kurudisha ualkali, (iii) uzito wa CaCl₂ ya kurudisha kalsiamu. (H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23, Cl = 35.5, Ca = 40)

Ujazo = 100 × 50 × 40 = cm³ 200,000 = dm³ 200.
HCO₃⁻ iliyotumika = 0.5 × 200 = milimoli 100 = moli 0.1.
Ca²⁺ iliyotumika = 0.1 ÷ 2 = moli 0.05.

(i) CaCO₃ iliyojengwa = moli 0.05; uzito = 0.05 × 100 = gramu 5.
(ii) NaHCO₃ = 0.1 × 84 = gramu 8.4.
(iii) CaCl₂ = 0.05 × 111 = gramu 5.55.

Angalia mtego uliopo katika (iii). Kalsiamu kloraidi huuzwa mara nyingi ikiwa na maji ndani ya fuwele, CaCl₂·2H₂O, ambayo moli moja ina gramu 147. Ukitumia hiyo utahitaji 0.05 × 147 = gramu 7.35. Swali likikupa fomula yenye maji, usiyatupe maji hayo.

Kiasi hiki hakimwagwi kwa mkupuo. Mfugaji hukigawa kwa siku mbili au zaidi, huyeyusha kila chumvi peke yake katika maji safi, kisha huongeza polepole mahali ambapo pampu inasukuma maji kwa nguvu. Anayemwaga ghafla huua viumbe alivyokusudia kuviokoa.

7. Kwa nini visichanganywe?

Siku moja nilikuwa naandaa maabara kwa ajili ya mazoezi ya vitendo, muda umekwisha, wanafunzi wako mlangoni. Nikayeyusha kalsiamu kloraidi na sodiamu kabonati katika bika moja ili kuokoa dakika mbili. Bika likageuka jeupe kama maziwa. Chumvi zote mbili zilikuwa zimepotea, nami nikaanza upya mbele ya darasa zima. Sababu ni hii:

CaCl₂ + Na₂CO₃ → CaCO₃ + 2NaCl

Kwa mlinganyo wa ioni: Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃

Kalsiamu kabonati haiyeyuki katika maji, basi hushuka chini kama mashapo meupe. Hilo hilo hutokea ndani ya tangi mfugaji akizidisha dozi: maji huwa na ukungu mweupe, na kalsiamu na ualkali vyote viwili hushuka kwa pamoja badala ya kupanda. Alidhani analisha matumbawe, kumbe ametengeneza unga wa chaki.

Utauliza: mbona bahari yenyewe haigeuki maziwa, ilhali ioni zote mbili zimo? Sababu mojawapo ni magnesiamu. Ioni za Mg²⁺ hujishika kwenye chembe za CaCO₃ zinazoanza kuunda na kuzizuia zisikue haraka. Tangi lenye magnesiamu kidogo mno hupoteza kinga hiyo.

8. Maji ya chokaa: dawa yenye uwiano wake

Wajenzi wa pwani yetu waliijua kemia hii kabla ya vitabu vya maabara. Majumba ya kale ya Kilwa na Mji Mkongwe wa Unguja yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo:

CaCO₃ → CaO + CO₂ (kuchoma katika tanuri)
CaO + H₂O → Ca(OH)₂ (kuzima chokaa kwa maji)

Chokaa iliyozimwa ikiyeyushwa katika maji na kuachwa itulie, maji maangavu ya juu ndiyo maji ya chokaa. Huyeyuka kidogo tu, karibu gramu 1.7 katika lita moja kwenye nyuzi joto 20. Wafugaji wa matumbawe hata nje ya Ujerumani huyaita kwa jina la Kijerumani, Kalkwasser, ambalo maana yake ni hiyo hiyo. Wanayapenda kwa sababu moja ambayo sasa unaweza kuieleza mwenyewe:

Ca(OH)₂ + 2CO₂ → Ca²⁺ + 2HCO₃⁻

Moli moja huleta Ca²⁺ moja na HCO₃⁻ mbili, uwiano ule ule ambao tumbawe linautumia. Pia haiachi chumvi nyuma, tofauti na Mfano wa 2 ambapo Na⁺ na Cl⁻ hubaki majini na kuongeza chumvi ya tangi kadiri siku zinavyopita.

*Mfano wa 3.* Maji ya chokaa yana ukolezi wa mol/dm³ 0.02. Ni lita ngapi zitarudisha kilichopungua katika Mfano wa 2?

Ca²⁺ inayotakiwa = moli 0.05.
Ujazo = 0.05 ÷ 0.02 = lita 2.5.
Hakiki ualkali: 0.05 × 2 = moli 0.1. Umerudi wote.

Tahadhari mbili. Kwanza, maji ya chokaa yana pH inayozidi 12 na huunguza ngozi na macho. Hudondoshwa tone kwa tone kuchukua nafasi ya maji yaliyovukizwa, wala hayamwagwi kwa kikombe. Pili, chombo chake hufunikwa. Kikiachwa wazi, CO₂ ya hewani huingia na kutengeneza utando mweupe juu:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Huu ndio mmenyuko unaoutumia maabara kutambua hewa ya CO₂. Tena ukiendelea kupuliza CO₂ nyingi, weupe hutoweka, kwa sababu CaCO₃ hugeuka Ca(HCO₃)₂ inayoyeyuka. Baadhi ya wafugaji hutumia njia hiyo pia: hupitisha maji yenye CO₂ kwenye mtungi wa vipande vya matumbawe makavu, na maji hutoka yamebeba Ca²⁺ na HCO₃⁻.

Zoezi la vitendo

Huhitaji tangi. Okota ganda la kome au la yai, likaushe, liponde, liweke katika bilauri na ulimwagie siki. Pitisha hewa inayotoka katika maji ya chokaa. Andika ulichoona na milinganyo yake. Lakini matumbawe hai yaache baharini. Matumbawe yajengayo miamba yamo katika orodha za mkataba wa CITES, na biashara yake kati ya nchi na nchi huhitaji kibali.

Makosa yanayopoteza alama

1. Kusahau namba 2 mbele ya HCO₃⁻. Hesabu yote inayofuata hukosewa.
2. Kuacha cm³ bila kugawanya kwa 1,000.
3. Kuingiza jaribio la awali katika wastani.
4. Kuandika "kalsiamu ikipungua, ongeza ualkali." Kila kimoja hurudishwa kwa chumvi yake, baada ya kukipima.
5. Kutoa jibu bila kipimo. "8.4" peke yake si jibu; "gramu 8.4" ni jibu.

Maswali

1. Toa tofauti moja kati ya ualkali na pH.
2. cm³ 25 za maji ya tangi zilihitaji cm³ 6.25 za HCl ya mol/dm³ 0.01. Kokotoa ualkali wake.
3. Tangi lina maji dm³ 120. Ualkali umeshuka kutoka milimoli 2.6 hadi 2.2 katika dm³ 1. Kokotoa (a) uzito wa NaHCO₃ unaotakiwa, (b) upungufu wa kalsiamu kwa miligramu katika dm³ 1, (c) uzito wa CaCO₃ iliyojengwa.
4. Mfugaji alipima akakuta kalsiamu miligramu 420 na ualkali milimoli 1.5 katika dm³ 1. Akaongeza kalsiamu kloraidi. Eleza kosa lake.
5. Kwa nini maji ya chokaa yaliyoachwa wazi usiku kucha hupungua nguvu?

Majibu

1. pH huonyesha ukolezi wa H⁺ uliopo. Ualkali huonyesha uwezo wa maji kupokea H⁺ zaidi.
2. Moli za HCl = 0.0000625; ukolezi = mol/dm³ 0.0025, yaani milimoli 2.5 katika dm³ 1.
3. HCO₃⁻ iliyotumika = 0.4 × 120 = milimoli 48 = moli 0.048. (a) 0.048 × 84 = gramu 4.03. (b) 0.4 ÷ 2 × 40 = miligramu 8 katika dm³ 1. (c) 0.024 × 100 = gramu 2.4.
4. Kalsiamu ipo ya kutosha. Kilichopungua ni HCO₃⁻. Ilimpasa aongeze NaHCO₃ kwa kiasi alichokokotoa, kidogo kidogo. Kuongeza kalsiamu hakurudishi ualkali, na kunakaribisha mashapo ya CaCO₃.
5. CO₂ ya hewani humenyuka na Ca(OH)₂ na kutoa CaCO₃ isiyoyeyuka, hivyo Ca²⁺ na OH⁻ zilizomo hupungua.

Ukikosea swali la 4, rudi sehemu ya 4 uisome tena kabla ya kugeuza ukurasa. Mfugaji yule alikuwa na kipimo sahihi mkononi, na bado akaongeza kisichotakiwa. Nawe katika chumba cha mtihani utapewa namba sahihi. Kabla ya kushika kikokotozi, andika mlinganyo uliosawazishwa, kisha ujiulize: kati ya vitendanishi hivi, kipi kitakwisha kwanza?